Sura ya Saba: Mali Iliyomo Ndani ya Tope

Masanze ni nchi ya vyoo vya shimo. Kata hii ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, iko upande wa njia inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, na uchumi wake ni shamba. Shimo la choo huchimbwa, hujaa, hufukiwa, kisha jingine huchimbwa kando yake. Utaratibu huo ulipata nguvu nchi nzima mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kuchimba vyoo. Kampeni ya Nyumba ni Choo imeurithi katika miaka ya karibuni. Umeokoa maisha ya watoto wengi, na hakuna anayepaswa kuudharau. Lakini umetuzoesha pia kuamini kwamba kilichoingia shimoni kimekwisha kazi.

Hakijaisha. Tope la majitaka linaweza kutoa asidi ambazo viwanda hununua, na kemia ya kuzitoa inajulikana vizuri. Ugumu uko kwingine: katika kujua tope gani litoe nini, na litiwe dawa kiasi gani. Ukikosea hapo, utamwaga fedha shimoni. Ukipatia, hata kata isiyo na bomba la majitaka itapata faida yake.

Tope ni nini hasa

Mwaka 1914, mjini Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walieleza matokeo ya kupuliza hewa ndani ya majitaka. Bakteria waliokuwamo walikula uchafu, wakazaliana, wakashikana mabonge na kuzama. Juu yakabaki maji yaliyo safi zaidi, chini likabaki tope. Mbinu hiyo ndiyo iliyoenea katika miji mikubwa ya dunia, na imeleta deni lake: kila lita ya maji yaliyosafishwa inaacha tope nyuma, na kulishughulikia tope hilo kunaweza kula hadi nusu ya gharama za kuendesha mtambo mzima.

Ukilitazama kwa hadubini, tope hilo ni mji wa bakteria, walio hai na waliokufa, waliozama katika ute wanaoutoa wenyewe. Ute huo ni wa protini na sukari, na umeshikamanishwa na madini ya kalisi na magnesi. Kila bakteria naye ana ukuta wake. Kwa hiyo chakula kimo, na protini ndiyo nyingi kuliko vyote, ila kimefungiwa mara mbili: kwanza na ute, pili na ukuta.

Tope likifungiwa mahali pasipo hewa, viumbe wengine wadogo huanza kulila kwa hatua nne. Kwanza vitu vikubwa, yaani protini, wanga na mafuta, hukatwakatwa hadi vikayeyuka majini. Pili, vipande hivyo huchachushwa vikawa asidi fupi. Tatu, asidi zenye mnyororo mrefu kidogo hugeuzwa kuwa asidi asetiki, haidrojeni na hewaukaa. Nne, viumbe wa kale wanaozalisha methani huichukua asidi asetiki na haidrojeni na kutoa gesi, ile inayowaka katika jiko la bayogesi.

Asidi za hatua ya pili na ya tatu ndizo kiini cha sura hii. Ni za ukoo mmoja na asidi za mafuta tunayopikia, ila ni fupi mno. Asidi kuu ya mafuta ya nazi ina kaboni 12. Asetiki ina 2, propioniki 3, butiriki 4, valeriki 5. Asetiki ndiyo ukali wa siki, na butiriki ndiyo harufu ya samli iliyochacha. Kwa sababu ni fupi, huyeyuka majini na kupaa hewani kwa urahisi, na ndiyo maana pua huzitambua kabla jicho halijaona kitu.

Kuisimamisha safari katikati

Kwa karne nzima wahandisi walilenga hatua ya nne. Methani ni kitu chema: inapika, inazungusha jenereta, na ikichomwa haiendi angani kuongeza joto la dunia. Lakini ni gesi ya thamani ndogo, na kuihifadhi au kuisafirisha ni kazi. Asidi zilizotangulia ni malighafi ya rangi, gundi, dawa, vihifadhi vya vyakula na plastiki. Ndipo watafiti wakauliza: kwa nini tusiisimamishe safari katika asidi?

Ili kufanya hivyo, mambo mawili yanahitajika kwa pamoja. Lazima ute na kuta za bakteria zifunguliwe mapema, maana hatua ya kwanza ndiyo inayochelewesha zote. Na lazima wale wazalishaji wa methani wazuiwe, la sivyo watazila asidi mara tu zinapotokea. Alkali, kama vile magadi, hufanya yote mawili.

Mpishi wa kande anaijua nusu ya kwanza ya kazi hiyo. Mahindi na maharage makavu yanaweza kuchemka kutwa bila kuiva, lakini akitia kipande cha magadi maganda hulegea na punje hupasuka upesi. Alkali hulegeza kinachoshikilia kuta za chembe, na katika tope hufanya vivyo hivyo: huyeyusha ute, hupasua kuta, na protini zilizokuwa kifungoni zikaingia majini.

Nusu ya pili inatokana na tabia za viumbe wenyewe. Wazalishaji wa methani hupenda maji yasiyo makali wala ya magadi, kipimo cha pH kikiwa kati ya 6.5 na 7.5 hivi. Kikipanda kupita 8.5 hudhoofika sana, ilhali baadhi ya bakteria wa kuchachusha huendelea na kazi hata kwenye 10. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai, walichapisha matokeo ya kuchachusha tope la ziada la mtambo wa majitaka kwa vipimo mbalimbali vya pH. Kipimo cha 10 ndicho kilichotoa asidi nyingi kuliko vyote, na kilele kilifikiwa siku ya 8 hivi. Tangu hapo pH 10 imekuwa kigezo ambacho mbinu nyingine hulinganishwa nacho.

Mbinu nyingine zipo. Mitambo mikubwa ya Ulaya hupika tope kwa mvuke wa nyuzijoto 160 hadi 170 chini ya shinikizo, kisha hulishusha shinikizo ghafla ili chembe zipasuke. Wapo wanaotumia asidi kali, wapo wanaotumia haidrojeni peroksaidi. Zote hufanya kazi, lakini mvuke unadai boila na fundi wake. Alkali inadai pipa, kijiti cha kukorogea na mtu makini.

Kostiki, chokaa au magadi

Alkali si moja. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ndiyo hodari zaidi kwa kupasua tope. Lakini inaunguza ngozi na macho, ni ya kununua, na sodiamu yake ina madhara mawili: hufanya tope kuwa laini kama ute, likawa gumu kukamuliwa maji, na ikifika shambani kwa wingi huharibu udongo.

Chokaa iliyozimwa ni rahisi zaidi kupatikana. Pwani yetu imechoma mawe ya matumbawe kwa ajili ya chokaa kwa karne nyingi. Katika kazi ya asidi ina udhaifu: kalisi yake huunganisha upya mabonge ambayo alkali imeyafungua, hivyo hutoa chakula kidogo kuliko kostiki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tope lake hukamulika vizuri, na kalisi haina ubaya kwa shamba.

Magadi yamo kati ya hizo mbili. Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, ni miongoni mwa hazina kubwa za magadi duniani. Yakiyeyushwa majini hufikisha pH ya 10 hivi, ambayo yatosha kwa kazi ya asidi. Kikwazo ni kwamba tope hupigania kipimo chake: lina kemikali zinazomeza alkali, kwa hiyo unatia, kipimo kinapanda, kesho kimeshuka, unatia tena. Na sodiamu ya magadi hudai tahadhari ile ile ya kostiki.

Katika hesabu hiyo nchi yetu ina jambo moja la kuisaidia. Mtambo wa Ulaya ya Kaskazini hulipia joto ili bakteria wafanye kazi wakati wa baridi. Kilosa iko chini, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari katika maeneo ya mjini, na joto lake la mwaka mzima hulichachusha tope bila kuni wala umeme.

Asidi zikishapatikana

Hapa ndipo miradi mingi ya maabara hukwama, na msomaji anastahili kuelezwa wazi. Asidi hizi hutoka zikiwa zimechanganyika, gramu chache hadi kumi na kitu katika lita moja ya maji machafu. Asetiki huchemka kwenye nyuzijoto 118, juu ya maji yenyewe, kwa hiyo ukitaka kuitenga kwa moto itabidi kwanza uchemshe karibu maji yote. Nishati hiyo inaweza kuzidi thamani ya asidi. Wahandisi hutumia utando maalumu, vimiminika vya kuvuta asidi, au umeme, na kila njia ina bei yake.

Jibu la busara zaidi ni kutozitenga. Maji yenye asidi yanaweza kutumika yalivyo, na kazi mbili zinafaa.

Ya kwanza iko ndani ya mtambo wenyewe. Majitaka yana nitrojeni nyingi, na ikiachwa iende ziwani huotesha mwani na magugu. Bakteria wanaoigeuza nitrojeni kuwa hewa isiyo na madhara wanahitaji chakula chenye kaboni, na mitambo mingi hununua methanoli au asetiki kwa ajili yao. Mtambo unaotengeneza asidi kutokana na tope lake mwenyewe hujilisha: kinachotoka mlango wa nyuma hurudi mlango wa mbele, na deni la tope linapungua.

Ya pili ni plastiki. Mwaka 1926, Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur nchini Ufaransa aligundua kwamba bakteria fulani huhifadhi akiba yao ya chakula katika chembechembe ambazo kwa tabia zake ni plastiki. Bakteria wa aina hiyo wakilishwa asidi fupi kwa mpango wa kushiba na kufunga, hunenepa kwa plastiki hiyo, na udongo unaweza kuila ikitupwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Nchi zilizochukua hatua hizo zina sababu ya kuifuatilia sayansi hii kwa karibu, maana kukataza kitu ni nusu ya kazi, na kupata mbadala wake ndiyo nusu nyingine.

Shimo la Masanze na mtambo wa Kampala

Sasa turudi kwenye swali la tope gani. Mtu mzima hutoa kati ya gramu 100 na 300 hivi za kinyesi kwa siku, na robo tatu yake ni maji. Tuchukue kijiji cha watu 5,000, na kila mtu atoe gramu 30 za vitu vikavu: ni kilo 150 kwa siku. Kama kinyesi chote kingekusanywa kikiwa kibichi, na mambo yote yakaenda kama maabara, asidi zingekuwa kilo 25 hivi kwa siku, zikiwa zimeyeyuka katika maji mengi. Hakuna kijiji kitakachojenga kiwanda kwa mavuno hayo.

Na hata kilo hizo hazipo, kwa sababu tope la shimoni si bichi. Limekaa miaka. Hatua zote nne zimekwisha kupita humo kimyakimya, asidi zimeliwa, methani imepaa angani, na kilichobaki ni mchanga, nyuzi ngumu na takataka zilizotupwa. Kulitia alkali tope la namna hiyo ili litoe asidi ni kumkamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.

Kampala ni habari nyingine. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014, ulijengwa upokee mita za ujazo 5,000 za majitaka ya bomba na 400 za tope la magari ya kunyonya vyoo kila siku. Mahali kama hapo tope limeshakusanywa, gharama ya kulisafirisha imeshalipwa, na wahandisi wapo kazini. Mji wa Morogoro nao una mabwawa ya Mafisa, ambako majitaka hutulia bwawa baada ya bwawa na tope huzama chini. Lile la bwawa la kwanza nalo huoza kwa muda mrefu kabla ya kuondolewa, kwa hiyo anayetaka asidi lazima alidake mapema.

Somo hapa ni moja: asidi hupatikana pale tope linapokuwa bichi, jingi na mahali pamoja. Likikosa hata sifa moja kati ya hizo, litafutiwe kazi nyingine.

Mali nyingine ya Kilosa

Kilosa ina tope jingine lenye sifa zote tatu, wala halitoki chooni. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanganyika ikiwa hai. Kutokana na hiyo yakaota mashamba ya Tanga na baadaye ya Morogoro, yakiwemo ya Kimamba na Rudewa wilayani Kilosa. Jani la mkonge likipita katika korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, hutoa singa asilimia 4 hivi tu ya uzito wake. Tani moja ya majani huacha kilo 40 za singa, na zilizobaki zote ni majimaji na makapi mabichi, yenye sukari, yanayochacha ndani ya saa chache na kuutia mto uchungu yakiachiwa.

Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kwanza duniani wa bayogesi ya mkonge, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) na Mfuko wa Pamoja wa Mazao, wenye uwezo wa kilowati 150 ulipoanza. Kabla yake, Anthony Mshandete na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, walichunguza namna ya kuyaandaa makapi hayo kabla ya kuyachachusha. Walionyesha kwamba kuyapa hewa kwa saa 9 kuliongeza methani kwa asilimia 26, na kwamba kukata nyuzi hadi milimita 2 kuliongeza kwa asilimia 23. Hawakutumia alkali, lakini kanuni ni ile ile: fungua mlango kwanza, ndipo bakteria waingie. Kama Watanzania walilitatua hilo kwa methani, wanaweza kulitatua kwa asidi, na mahali pa kuanzia ni pembeni ya korona.

Kipimo cha 12

Je, Masanze ibaki mikono mitupu? Hapana. Alkali ile ile, ikipandishwa zaidi, hufanya kazi nyingine ambayo kwa kijiji ina thamani kubwa kuliko asidi.

Kwenye pH 10 tunawasaidia baadhi ya bakteria na kuwazuia wengine. Kwenye pH 12 tunawaua karibu wote. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinataka tope linalotibiwa kwa chokaa lifike 12 na likae hapo saa 2, kisha lisishuke chini ya 11.5 kwa saa nyingine 22. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havihimili hali hiyo. Katika kambi za wakimbizi wa Rohingya huko Bangladesh, chokaa ilitumika kutibu tope la vyoo kwa wingi, kwa sababu haikusubiri mtambo ujengwe. Aidha, kipimo kikipanda, nitrojeni ya tope hugeuka kuwa gesi ya amonia, ambayo nayo huua. Mayai ya minyoo ndiyo sugu: hayo hudai tope lifunikwe na kuhifadhiwa miezi kadhaa kabla ya kufika shambani.

Kwa Kilosa jambo hili si la anasa. Mafuriko ya Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa wilaya hii bila makazi na kuikata reli ya kati. Maji yanapoingia kijijini hayachagui; huingia sebuleni na huingia chooni, kisha hubeba vilivyomo hadi kisimani. Na mvua isipoleta maafa, mkono wa mtu unaweza kuyaleta: desturi ya kutapisha vyoo wakati wa mvua, inayojulikana sana Dar es Salaam, ni kumwagia jirani kipindupindu. Gunia la chokaa, karatasi za kupimia pH, glovu, miwani ya kukinga macho na mtu mmoja aliyefunzwa katika kila kijiji ni ulinzi ambao halmashauri inaweza kuumudu.

Mambo yanabadilika haraka. Treni ya kisasa imekuwa ikipita Kilosa tangu mwaka 2024, na Mikumi, mji wa barabara kuu na wa hifadhi, unaendelea kupokea malori, watalii na wapangaji wapya. Miji hii itajaza matangi yake ya choo, magari ya kunyonya yataingia, na siku moja halmashauri itachora bwawa la kumwagia. Siku hiyo ndiyo ya kukumbuka sura hii. Bwawa likichorwa bila sehemu ya kupokea tope bichi peke yake, asidi zitakuwa zimepotea kabla ya tofali la kwanza, na kurekebisha baadaye kutagharimu mara nyingi zaidi. Likichorwa kwa tangi moja dogo la kuchachushia, karibu na makapi ya mkonge yanayoweza kuchanganywa nalo, wilaya itakuwa imeacha mlango wazi kwa viwanda ambavyo bado havijajengwa.

Hivyo kazi inajipanga yenyewe. Masanze ipewe chokaa na mafunzo mwaka huu, kwa sababu afya haingoji. Mashamba ya mkonge yaanze majaribio ya asidi, kwa sababu malighafi yao ni mbichi na iko mahali pamoja. Kilosa na Mikumi zipange mitambo yake zikijua tope ni mali. Na vijana wa vyuo vikuu vya Sokoine na Dar es Salaam wanaotafuta mada ya utafiti wachukue hii, maana watakaofaidika na majibu yao wanaishi Morogoro, na wanasubiri.